Denge na Mongolia Yake

"Nohoi hor! Nohoi hor!"

Sauti ilitoka nje ya lango la mabati. Khadra, aliyekuwa barazani akichambua mchele, alifumba macho kwa uchovu. Hakuhitaji kuuliza ni nani. Katika mji mzima wa Isiolo ni mtu mmoja tu ambaye angesimama kwenye lango la watu saa tisa mchana na kupiga kelele za namna hiyo.

"Huyo anasema nini?" aliuliza shangazi yake Tiya, akitoa kichwa jikoni.

"Anasema tushike mbwa."

"Mbwa gani?"

"Ndivyo wanabisha hodi watu wa Mongolia. Mgeni akifika anaambia wenye hema washike mbwa asiumwe."

"Astaghfirullah! Nyumba hii imewahi kuwa na mbwa? Mwambie apige salamu kama Muislamu ama arudi alikotoka."

"Denge!" Khadra akaita. "Hapa hakuna mbwa. Piga salamu ama upotee!"

Kisha, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa: "Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Sasa hiyo ilikuwa ngumu?"

Mapenzi ya Denge na Mongolia yalikuwa yametimiza mwaka mzima, na afadhali uelezwe na mtu mwingine, maana ukielezwa na Denge mwenyewe jua litakuchwea hapo hapo. Alianza na video moja kwenye simu. Farasi tu, wanakimbia kwenye nyasi. Baada ya farasi akatazama mahema yao meupe ya duara, halafu ngamia wao wenye nundu mbili, halafu chai yao wanayoitia chumvi. Mwisho ikawa kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, anaangalia baridi ya Ulan Bator, mji wao mkuu, na kuwatangazia akina mama kwenye kituo cha maziwa: leo ni minus kumi na moja! Nani alimuuliza? Mtu wa Garbatulla, aliyezaliwa katikati ya ngamia, vumbi na mahema, anaumwa na hamu ya kwenda kuona ngamia, vumbi na mahema! Angependa Dubai watu wangemwelewa.

Na Khadra ndiye alikuwa wa kwanza kumcheka. Alikuwa na miaka ishirini na sita, muuza maziwa ya ngamia tangu ajue kufunga kilemba, na ulimi wake ulijulikana kuanzia kituoni mpaka mtaa wa Kiwanjani. Denge naye alikuwa mpimaji wa maziwa hapo hapo kituoni. Kila mara Denge alipofungua mdomo kuhusu Mongolia, Khadra alikuwa na jibu. Nchi haina bahari, haina pilipili, watu wanakunywa maziwa ya farasi, aibu gani hiyo. Wenzake walikuwa wakishika mbavu.

Mwezi wa pili chama cha wauza maziwa kilipata barua ya mwaliko. Watu wawili, mfugaji mmoja na mshughulikia maziwa mmoja, waende Mongolia mwezi wa sita kukaa majuma matatu na wafugaji wa huko. Denge, mtoto wa wafugaji, akachaguliwa upande wa mfugaji bila ubishi. Mwenyekiti akamgeukia Khadra mbele ya wote: "Na wewe je, binti? Maziwa hapa hakuna anayekushinda."

"Mimi?" Khadra alijibu. "Huko hata mbuzi wangu mgonjwa simpeleki."

Watu wakacheka mpaka machozi. Mwenyekiti akaandika jina la Makandi, karani wa kituo, msichana mwenye adabu zake lakini asiyegusa maziwa bila glavu. Majina yangethibitishwa Jumatatu. Leo ilikuwa Jumamosi.

Tena haikuwa Jumamosi ya hivi hivi. Kwa kina Khadra posa huja na buni za kahawa. Wazee wa mwanamume huzileta mara tatu, na zile za mara mbili za mwanzo huwekwa tu, hakuna anayesema ndiyo wala hapana. Za mara ya tatu zikikaangwa kwa siagi na kuliwa, binti ameozwa. Zikirudishwa mbichi, mambo yamekwisha. Leo ilikuwa mara ya tatu, na mposaji ni huyo huyo Denge. Mzee Mamo, baba mdogo wa Denge, angefika na wenzake wawili baada ya Alasiri, na bwana harusi mwenyewe hakutakiwa kabisa kuonekana hapo. Lakini ndiye huyo anaingia, jasho linamtiririka, amekumbatia kitu kilichofunikwa kitambaa.

"Wewe huna haya?" Tiya alimwambia. "Siku ya wazee wako unakuja kufanya nini?"

"Dakika tano tu, shangazi. Nimemrudishia Khadra kitu chake." Alikuwa akitabasamu mpaka jino la mwisho. "Na nimeongeza kitu ndani."

Akafunua. Ilikuwa gorfa, kile chombo cha maziwa kinachosukwa kwa mizizi, chenye kifuniko na mikanda ya ngozi. Mama yake Khadra ndiye aliyeisuka, akaitumia mpaka siku alipofariki, Khadra akiwa darasa la saba. Kwa miaka yote hiyo ilifukizwa moshi wa mti wa ejersa, na hakuna mkono mwingine uliowahi kuichukua ukatoka nayo nyumbani. Siku nne zilizopita Denge aliomba aazimwe, akasema kuna jambo anataka kumfanyia. Khadra alimpa. Alimpa kwa sababu alimpenda, ingawa kwa kinywa alimwambia, "Ukiiangusha nitakuangusha na wewe."

"Onja," Denge alisema. "Ni kile kinywaji chao cha maziwa ya farasi. Nimetumia maziwa ya ngamia kwa sababu farasi hapa tutatoa wapi. Nimeyapiga siku tatu yachachuke. Nilitaka uonje kabla wazee hawajafika, ndiyo uone si ujinga."

Khadra aliinua kifuniko. Hakuonja. Aliinamisha uso, akavuta pumzi, akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida. Alipoinua uso macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Denge. Umefanya nini hii gorfa?"

"Kivipi?"

"Moshi uko wapi?"

"Aa, ile harufu? Niliiosha. Video ilisema chombo kisiwe na harufu yoyote, kinachafua ladha. Nilisugua vizuri sana, wallahi, na brashi na sabuni ya unga, mara tatu..."

Tiya alitoa sauti, akajiziba mdomo kwa mkono.

Khadra alimwaga maziwa yote uani, mbele ya miguu ya Denge. Kuku wakaja mbio. Akapeleka gorfa tena puani, akanusa, na safari hii machozi yakamtoka na hakuyafuta.

"Sabuni," alisema. "Mtoto wa wafugaji. Mtoto wa Garbatulla, mpimaji wa maziwa, anaosha gorfa kwa sabuni! Hata mtoto wa miaka minne hawezi. Hata Makandi na glavu zake hawezi! Huo moshi aliuweka mama yangu, Denge. Nilikuwa nikifungua hapa namsikia yeye. Sasa nikifungua nasikia nini? Nasikia nguo za Jumapili za watu!"

"Khadra, sikujua..."

"Utajua wapi? Akili yako haiko hapa. Akili yako iko huko na farasi."

"Nilifuata video."

"Video gani? Ya yule kijana wa mjini mwenye miwani? Yule hajawahi kukamua hata paka! Wafugaji wenyewe wa kule wanatumia mfuko wa ngozi ya ng'ombe, na hiyo ngozi wanaifukiza moshi kwanza mpaka inageuka rangi! Hakuna sabuni! Wanabakisha maziwa kidogo ya zamani ndani ndiyo yale mapya yachachuke. Muulize yule mama mwenye shela ya kijani na jino la dhahabu, anaeleza yote. Mfuko unatundikwa mlangoni upande wa kushoto, na kila anayeingia hemani lazima aupige kidogo kabla hajakaa, hata awe mgeni, hata awe..."

Alinyamaza. Alikuwa amechelewa kunyamaza.

Denge alimtazama. Tiya pia alimtazama. Kuku peke yao ndio walioendelea na shughuli zao.

"Mama wa shela ya kijani," Denge alisema polepole. "Huyo mimi sijamwona."

"Basi ni hasara yako."

"Khadra. Umetazama video ngapi?"

"Nilikuwa natafuta makosa yao."

"Ngapi?"

Khadra alifunika gorfa. Angejibu nini? Kwamba alianza kwa hasira, kama mke anayechungulia dirishani amwone huyo mwanamke mwingine anafananaje? Alitaka kupata maneno mapya ya kuicheka. Kila mchana, maziwa yakishapakiwa na wenzake wakijinyoosha kivulini, alikuwa akigeuza kiti kuelekea ukutani na kufungua simu. Mwanzo alicheka kweli. Halafu siku moja akamwona huyo bibi ameinama juu ya moshi, anageuza ngozi, anakohoa, anajifuta macho kwa kiwiko na kuendelea. Alikohoa kama mama yake. Khadra aliirudia video hiyo mpaka chaji ikaisha. Tangu siku hiyo alijua majina ya miezi yao, alijua wanapohamia wakati wa theluji, alijua ngamia jike wao akimkataa ndama huimbiwa mpaka alie na kumnyonyesha. Na kila alipojua jambo jipya alizidi kuitukana nchi hiyo hadharani, mtu yeyote asije akashuku.

Denge alisogea hatua moja. "Unataka kwenda."

"Niende wapi, na wewe mharibifu?"

"Sema tu. Wazee waje, buni zikaangwe, tufunge nikaha mwezi wa tano. Jumatatu nakwenda kwa mwenyekiti namwambia aandike jina lako. Makandi mwenyewe hataki, anaogopa baridi, amekubali kwa sababu hakuna mwingine. Sema neno moja, Khadra. Sema unataka."

Alikuwa anamtazama kwa yale macho yake, yale yaliyomfanya Khadra kwa mwaka mzima awe wa mwisho kupimiwa maziwa kila siku ili wabaki wawili kwenye foleni. Neno lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi. Lakini mkononi alikuwa na gorfa inayonuka sabuni, na nyuma yake shangazi anasikiliza, na mwaka mzima wa kicheko ungemrudia yeye mwenyewe usoni.

"Nenda na Makandi," alisema. "Mwambie abebe glavu za kutosha."

Tabasamu la Denge likafa.

"Sawa," alisema. "Gorfa nimekosa, na nitakuomba msamaha mpaka nizeeke. Lakini nikuambie kitu. Mimi si mjinga kama unavyosema kituoni. Mimi nimependa kitu, basi. Na kila kitu ninachopenda wewe unakitemea mate. Nakaa nikijiuliza, huyu nikimweka ndani, akichoka kuitemea Mongolia si atahamia kwangu?"

"Denge, usinitishe."

"Sikutishi. Nimechoka. Namwambia Mzee Mamo wasije."

Akamwinamia Tiya kwa adabu, "Kwaheri, shangazi," akatoka. Lango halikubamizwa. Afadhali lingebamizwa.

Khadra aliketi kwenye mkeka, akavuta sinia la mchele. "Aende! Kwani mwanaume ni yeye tu? Mwanaume gani anabisha hodi kwa mbwa?"

Tiya hakucheka. Alikuwa ameshika mwiko, hajui aurudishe jikoni au afanye nini nao.

"Unajua kwa nini mimi sina mume?" aliuliza.

"Kwa sababu wote walikuwa hawafai. Umeniambia tangu nikiwa mtoto."

"Kulikuwa na mmoja wa kijiji cha Rapsu. Mkulima. Analima vitunguu kwa maji ya mfereji. Mborana kabisa, damu yetu ya wafugaji, lakini analima! Nilimcheka, wewe. Akipita nilikuwa nauliza wenzangu, mbona nasikia harufu ya sambusa? Alileta buni mara mbili. Na nikwambie siri, Khadra, nilikuwa napenda hilo shamba. Nilikwenda kulitazama mara moja bila mtu kujua, nikasimama kwa mbali. Kijani, maji yanapita, upepo. Nilitaka kuishi pale. Lakini nilishacheka sana, sikujua nitaachaje."

"Ikawaje?"

"Mara ya tatu alipeleka buni kwa watu wengine." Tiya aligeuka kuingia jikoni. "Mimi nakaanga nini leo? Siagi nimeshayeyusha. Niambie mapema, maana sitaki kuimwaga."

Mchele ulibaki vile vile. Khadra alikaa akiitazama gorfa, na hasira aliyokuwa nayo kwa Denge ikaanza kumwelekea yeye mwenyewe. Denge aliosha moshi kwa ujinga, ndiyo. Lakini aliuosha akimtengenezea yeye kitu. Na yeye alikuwa amemtengenezea Denge nini? Kicheko. Mwaka mzima, kicheko peke yake, na nyuma ya kicheko anaiba kwa macho kile kile anachokicheka. Mwezi wa sita wangeondoka, Denge na Makandi, na yule bibi wa shela ya kijani angemkaribisha Makandi hemani. Makandi angeupiga ule mfuko wa mlangoni akiwa na glavu. Wazo hilo lilimchoma kuliko yote.

Aliinuka. Aliingia jikoni, akachota makaa katika mkebe, akabeba na vipande vya ejersa, akajitupia shela.

"Siagi isimwagwe," alisema.

"Unaenda wapi?"

"Kiwanjani."

"Msichana kumfuata mwanaume siku ya buni! Watu watasema nini?"

"Watasema. Na mimi nimesema sana, wacha na wao waseme."

Denge alikaa kwa dada yake, vichochoro vitatu kutoka hapo, nyumba ya lango la buluu. Khadra alifika na mkebe wa makaa mkono mmoja, gorfa kwapani, jua linachoma, na majirani wawili waliokuwa wakianika nguo wakaacha kuanika. Alisimama mbele ya lango. Angeweza kupiga salamu. Angeweza kugonga bati kama watu wote. Alikohoa, akameza mate, kisha akapaza sauti yote aliyokuwa nayo:

"Nohoi hor!"

Majirani wakatazamana.

"Nohoi hor!" akaita tena.

Lango likafunguka. Denge alikuwa na simu mkononi, bado hajampigia mzee au ndiyo kwanza amempigia, Khadra hakujua.

"Hapa hakuna mbwa," Denge alisema.

"Najua." Alitazama chini, kisha akajilazimisha kumtazama usoni. "Umeshamwambia Mzee Mamo?"

"Simu yake inaita tu. Hashiki."

"Usimpigie tena. Waje. Na Jumatatu andikisha jina langu. Nataka kwenda, Denge. Nataka kuiona hiyo nchi mpaka nashindwa kula. Nilikucheka kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu niliona unaipenda kuliko mimi. Nakupenda. Na bado nimekasirika, usifikiri nimeacha kukasirika."

Denge alifungua mdomo. Khadra akamtia gorfa mikononi kabla hajasema.

"Video baadaye. Chuchumaa hapo, nikufundishe. Kijinga kimoja cha moto ndani, funika, tikisa, toa. Utaifukiza wewe mwenyewe kila siku mpaka tuondoke."

"Mimi? Hii si kazi ya..."

"Kuosha ilikuwa kazi ya nani?"

Akachuchumaa. Hapo hapo langoni, mbele ya majirani, akachukua kipande cha ejersa kilichoshika moto, akakizima kidogo mpaka kikabaki kufuka, akakiingiza ndani ya gorfa na kufunika. Moshi ulimwingia machoni. Akakohoa, akajifuta kwa kiwiko, akaendelea, na Khadra alipoona kile kiwiko ilibidi ageuze uso upande mwingine.

Ndivyo Mzee Mamo alivyowakuta. Alitokea kona ya kichochoro na wenzake wawili, wamevaa kanzu na vilemba safi, kifuko cha buni mkononi. Walisimama wakatazama.

"Denge," mzee alisema, "ninaona nini? Hiyo ni kazi ya wanawake."

Mmoja wa wale wengine akacheka kwa pua. Majirani nao wakasogea. Khadra aliona shingo ya Denge ikiwiva, akajua maneno ya kumcheka yanayokuja, maana ni yeye aliyewafundisha watu kuyasema. Angesimama sasa na kuitupa gorfa chini, hakuna mzee ambaye angemlaumu.

Denge hakusimama. "Najua, mzee," alijibu. "Niliharibu mwenyewe."

Mzee Mamo alimgeukia Khadra. "Na wewe, binti yetu, si tungekukuta nyumbani?"

"Mtanikuta, mzee. Tangulieni. Shangazi ameyeyusha siagi."

Wazee waliangaliana. Siagi wameisikia wote. Mzee Mamo akaficha tabasamu ndani ya ndevu, akabadilisha kifuko mkono, na wakaendelea na safari yao bila kusema zaidi.

Denge alitoa kijinga, akampa gorfa kwa mikono miwili. Khadra aliinama, akanusa. Chini kabisa, nyuma ya sabuni, kulikuwa na kitu kidogo sana, moshi mwembamba wa leo. Haukuwa wa mama yake. Aliunusa tena.

"Bado," alisema, akamrudishia. "Endelea."